Mwaka wa wahandisi: tuhesabu vikao au maji?

Ukisoma ripoti ya mwaka ya tawi la chama cha kitaaluma mkoani, mpangilio unaujua: vikao kadhaa, semina, ziara, picha ya pamoja. Si vibaya. Taasisi ya Wahandisi Tanzania (IET) ipo tangu 1975, na mhandisi kijana anawahitaji wenzake. Ila kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama, orodha hiyo haina kitu.

Chukua ziara moja tu, ya mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama. Kuandika kwamba wanachama walitembelea mradi hakutufundishi chochote. Maji yanatoka Ziwa Victoria, na Butiama iko juu kuliko ziwa, kwa hiyo lazima yasukumwe. Piga hesabu: kupandisha lita 1,000 kwa mita 100 kunahitaji angalau uniti 0.27 za umeme, na pampu halisi inakula zaidi. Gharama hiyo lazima mtu ailipe.

Ripoti nzuri ingekuambia pampu zinakula uniti ngapi, maji kiasi gani yanapotea njiani, na wahandisi walishauri nini. Vikao ni vya wanachama; hesabu hizi ni zako wewe unayefungua bomba. Ziulizie.