KINAYA KATIKA MUZIKI WA KUFOKA: UHAKIKI WA NYIMBO NNE ZA PROFESSOR JAY

Utangulizi

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu zoezi fupi: eleza maana ya kinaya, kisha utoe mfano kutoka kazi yoyote ya fasihi ya Kiswahili. Karibu darasa zima lilinakili fasili niliyokuwa nimeiandika ubaoni na mfano niliokuwa nimeutoa mimi mwenyewe. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyejitafutia mfano wake. Aliandika kuhusu wimbo "Ndio Mzee" wa Professor Jay. Nililikata jibu lake kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Huu ni muziki, si fasihi."

Baada ya kipindi alinifuata hadi chumba cha walimu akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba wimbo ndio mama wa ushairi?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niliusikiliza wimbo ule kwa makini, ingawa nilikuwa nimeufahamu tangu nikiwa shule ya msingi, ulipokuwa ukipigwa redioni na kwenye matatu. Kesho yake nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake. Makala haya ni sehemu ya malipo ya deni hilo.

Nia yangu ni kuzihakiki nyimbo nne za msanii huyu, wimbo baada ya wimbo, kwa kutumia zana zilezile tunazozitumia darasani: maudhui, nafsineni, muundo, lugha na mbinu za uandishi. Mwisho nitataja udhaifu wake, kwani uhakiki usiotaja udhaifu ni sifa tupu.

Usuli wa nyimbo

Professor Jay, ambaye jina lake halisi ni Joseph Haule, alivuma kwanza akiwa katika kundi la Hard Blasters la Dar es Salaam, lililotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000. Mwaka 2001 alitoa albamu yake mwenyewe, Machozi Jasho na Damu, na mwaka 2003 akafuatisha Mapinduzi Halisi. Hapa Kenya masikio yalikuwa tayari. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilikuwa limeonyesha mnamo 1997, kwa wimbo "Tafsiri Hii", kwamba kufoka kwa Kiswahili kunaweza kubeba mambo mazito.

Kimuundo, wimbo wa kufoka hauhesabu mizani kama shairi la arudhi. Mpigo wa ngoma ndio unaopima urefu wa mshororo, na vina vya mwisho huja viwili viwili au vitatu vitatu kabla ya kubadilika. Baadhi yetu watasema hilo latosha kuutoa katika ushairi. Tukumbuke lakini kwamba maneno kama hayo yalisemwa pia dhidi ya mashairi huru Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974. Leo mashairi huru yanatahiniwa, na hakuna anayeshangaa.

1. "Chemsha Bongo"

Huu ni wimbo wa enzi ya Hard Blasters. Nafsineni ni kijana anayeyatazama maisha yake na kuogopa anachokiona. Anasimulia alivyojitosa katika anasa, marafiki walivyomzunguka wakati wa neema, na upweke uliomfika neema ilipokatika. Maudhui haya si mapya. Ni ya majuto ni mjukuu, na ngano zetu nyingi zimejengwa juu yake. Upya uko katika nafsi ya kwanza. Msimulizi hamnyoshei kijana mwingine kidole, anajinyoshea mwenyewe. Kwa hiyo msikilizaji hapati nafasi ya kujitetea kama anavyofanya mbele ya mhubiri.

Mwalimu aliangalie anwani kwa jicho la fasihi simulizi. Chemshabongo ni mojawapo ya tungo fupi tunazozifundisha, pamoja na vitendawili, mafumbo na misimu. Hutoa tatizo na kumwachia msikilizaji kazi ya kufikiri. Msanii amechukua jina la utanzu huo akalifanya agizo: chemsha bongo lako. Maisha ya nafsineni ndiyo fumbo lenyewe, na wimbo haulifumbui kwa niaba yetu.

2. "Bongo Dar es Salaam"

Hapa mhusika mkuu ni jiji. Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam, na kwa upana zaidi la Tanzania, na asili yake ni ubongo: anayetaka kuishi huko sharti atumie akili. Kwa hivyo anwani ni majazi, kwani jina la mahali linaeleza tabia ya mahali. Msanii anatutembeza miongoni mwa matapeli, wajanja na watu wanaojionyesha kuwa na wasichokuwa nacho. Taswira zinafuatana haraka haraka kama mtu anayetazama barabara kupitia dirisha la basi.

Kinaya cha wimbo kimo katika neno hilohilo bongo. Akili, ambayo shule humfundisha mtoto kuwa ni ya kujenga, mjini imekuwa chombo cha kuhadaa. Kila mtu ni mwerevu, na werevu wote huo hauzai chochote isipokuwa mwerevu mwingine wa kujihadhari naye. Mtahiniwa anayesoma maudhui ya uhamiaji wa mijini na ukosefu wa kazi katika hadithi fupi atapata hapa ulinganisho mzuri. Isitoshe, atajifunza tofauti kati ya mandhari yanayopamba kisa na mandhari ambayo ndiyo kisa chenyewe.

3. "Ndio Mzee"

Huu ndio wimbo ulionigharimu wino mwekundu, na ndio mkubwa kuliko yote manne.

Muundo wake ni wa kuitikizana. Upande mmoja yuko mwanasiasa jukwaani anayeomba kura. Upande wa pili uko umati unaomjibu kwa maneno mawili ya anwani. Huu ni muundo wa nyimbo zetu za jadi, kuanzia za kazi hadi za jando: kiongozi huanzisha na wenzake hupokea. Katika nyimbo za jadi, hata hivyo, kuitikia ni kushiriki. Hapa kuitikia ni kusalimu amri. Msanii ameuchukua muundo wa ushirika akautumia kuonyesha utiifu usiofikiri. Hicho ni kinaya cha muundo, na ni nadra kukipata kikiwa wazi hivi.

Mbinu ya pili ni chuku, nayo imepangwa kama ngazi. Ahadi za mwanzo zinafanana na zile tunazozisikia katika kila kampeni, za kuufuta umaskini na kuleta maendeleo. Polepole zinapanda. Tunafika mahali wanafunzi wanaahidiwa kufanyia majaribio yao ya sayansi mwezini, na mabomba kutoa maziwa. Umati unajibu nini? Yaleyale. Ahadi zinabadilika, jibu halibadiliki. Takriri hii ndiyo uti wa mgongo wa tashtiti. Kama umati ungestuka hata mara moja, wimbo ungekuwa kichekesho kuhusu mwanasiasa mwongo. Kwa kuwa haustuki, kejeli inawaangukia wote wawili, anayedanganya na anayekubali kudanganywa.

Ya tatu ni lugha. Wanafunzi makini huuliza kwa nini anwani si "Ndiyo", ambayo ndiyo tahajia sanifu ya neno la kukubali. Tuwaeleze kuwa msanii ameandika kama watu wanavyotamka, na tuwaonye wasiige katika insha. Neno la pili lina uzito zaidi. Mzee ni neno la heshima, na mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mzee. Wimbo unaonyesha jinsi adabu hiyo njema inavyoweza kugeuzwa pingu. Sisi Wakenya tunaweza kuweka "mheshimiwa" mahali pa "mzee" na wimbo usipoteze kitu.

Nilipoupiga darasani, jambo lilitokea ambalo sikulipanga. Kufikia mara ya tatu ya kiitikio, darasa zima lilikuwa likiitikia na kupiga madawati. Nilizima redio nikauliza, "Mmekubali nini?" Hakuna aliyejibu. Walikuwa wamekubali maziwa ya bomba. Kimya kile kiliwafundisha kinaya kuliko fasili yangu ya ubaoni, kwa sababu walijikuta ndani yake.

Historia nayo imeuongezea wimbo tabaka jingine. Mwaka 2015 msanii mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema, akahudumu hadi 2020. Aliyemkejeli mgombea akawa mgombea. Je, hilo linaudhoofisha wimbo? Nadhani la. Nafsineni si mtunzi, na kazi ya fasihi ikishatolewa haimtii hata aliyeitunga. Wimbo ulibaki hapo kumpima yeye pia, kama unavyompima kila anayepanda jukwaani.

4. "Zali la Mentali"

Baada ya uzito huo, wimbo huu wa 2003, alioshirikiana na Juma Nature, unaonekana mwepesi. Zali ni neno la mtaani lenye maana ya bahati. Kijana fukara anaangukiwa na bahati ya mtende: mwanamke mwenye mali anampenda. Kiusimulizi ni ngano ya kisasa, yenye kijana duni, tukio la ghafla na mabadiliko ya hali. Sadfa ndiyo inayousukuma msuko.

Swali la mhakiki ni hili: tucheke pamoja na kijana au tumcheke? Ukiusikiliza baada ya "Bongo Dar es Salaam", utaona kwamba katika jiji ambamo kazi haimtoi mtu, tumaini lililobaki ni muujiza. Ucheshi wa wimbo umekalia huzuni.

Udhaifu

Nyimbo hizi zina mapungufu. Kwanza, mwanamke haongei vya kutosha. Katika "Zali la Mentali" yeye ni zawadi inayomshukia kijana, na hatujui anachokitaka ila kupitia mdomo wa mwanamume. Pili, umati wa "Ndio Mzee" hauna sura. Hatuelezwi iwapo wanaitikia kwa ujinga, kwa njaa, kwa hofu au kwa kuwa wamelipwa, na sababu hizi si sawa. Mtu mwenye njaa anayeitikia anastahili huruma kabla ya kejeli. Tatu, misimu ya Dar es Salaam ya miaka ile humpotezea mwanafunzi wa Kakamega au Garissa maana nyingi, hivyo mwalimu aandae faharasa kabla ya kipindi.

Hitimisho

Simshauri mtahiniwa aende kwenye Karatasi ya Tatu (102/3) na kujibu swali la riwaya au tamthilia kwa mifano ya Professor Jay. Swali la kitabu hujibiwa kwa kitabu. Ninachoshauri ni kwamba nyimbo hizi ziwe uwanja wa mazoezi. Anayeweza kuonyesha chuku, takriri na tashtiti katika wimbo anaoupenda hatatishwa na shairi asilowahi kuliona.

Kuna sababu kubwa kuliko mtihani. Wengi wa wanafunzi wetu hutimiza miaka 18 wakiwa kidato cha nne au punde baadaye, na mara moja hupewa kura. Mtoto anayeijua fasili ya kinaya kwa moyo lakini asiyeweza kukisikia kikitoka kwenye kipaza sauti cha mkutano wa kampeni, tumemfundisha nini? Atapata alama zake mbili, kisha ataenda uwanjani kuitikia.

Maswali ya kudurusu

1. "Kejeli katika wimbo 'Ndio Mzee' inawalenga watu wa pande zote mbili." Thibitisha. (alama 6)
2. Fafanua jinsi anwani za nyimbo zozote mbili zinavyooana na maudhui yake. (alama 4)
3. Linganisha dhima ya kiitikio katika wimbo wa kazi wa jamii yako na katika "Ndio Mzee". (alama 6)
4. Tunga beti mbili za shairi huru ambamo umati unakataa kuitikia. (alama 4)