Mgeni Aliyempokea Rumanyika: Juu ya Virejeshi vya Kifaransa na vya Kiswahili

Bweranyange, katika Karagwe, palikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Wahinda. Hapo ndipo Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walipopokewa na Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Na mwaka 1876 mfalme huyo huyo alimpokea Henry Morton Stanley. Habari hizi zajulikana. Lakini mwanafunzi na aambiwe aziandike kwa Kiswahili cha maneno machache, naye aandike hivi: "Stanley ni mgeni aliyempokea Rumanyika mwaka 1876." Mwalimu atakayeisoma sentensi hiyo hataona mahali pa kutia wino mwekundu. Viambishi vyote vimekaa pake, na upatanisho wa ngeli ni kamili. Walakini sentensi ina maana mbili zinazopingana. Kwa maana moja mfalme ndiye mwenyeji. Kwa maana ya pili mfalme amekuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe.

Chanzo cha utata huu si uzembe wa mwandishi bali ni umbile la kirejeshi cha Kiswahili. Silabi "-ye-" katika "aliyempokea" yatuambia jambo moja tu, kwamba jina linalorejewa ni la ngeli ya mtu na ni la umoja. Haituambii kama mtu huyo ndiye mtenda au ndiye mtendwa. Kazi hiyo imeachiwa kiambishi cha mtenda "a-" na cha mtendwa "-m-". Na kwa kuwa Stanley na Rumanyika wote ni watu, na kila mmoja ni mmoja, "a-" yaweza kuwa ya huyu au ya yule, na "-m-" vivyo hivyo. Idadi ikitofautiana, ukungu huondoka mara moja. Katika "wageni aliowapokea Rumanyika" hapana awezaye kupotea, maana "a-" ni ya mmoja na "-wa-" ni ya wengi. Kwa hiyo Speke na Grant, kwa kuwa walikuja wawili, wameokolewa na sarufi. Stanley, kwa kutajwa peke yake, hakuokolewa.

Kifaransa kimeupanga ulimwengu huu kwa njia nyingine. Hakiulizi kwanza kama jina linalorejewa ni mtu au kitu. Chauliza jina hilo lina kazi gani ndani ya kishazi kinachofuata. Likiwa mtenda, kirejeshi ni "qui". Likiwa mtendwa, ni "que". Mfano ulio bora ni neno "hôte", ambalo lina tabia ya ajabu: katika Kifaransa humtaja mwenyeji na humtaja mgeni pia. "L'hôte qui reçut Rumanyika" ni mwenyeji aliyemkaribisha Rumanyika. "L'hôte que reçut Rumanyika" ni mgeni aliyekaribishwa na Rumanyika. Maneno ni yale yale, na mpango wake ni ule ule. Hata jina la mfalme limekuja nyuma ya kitenzi katika sentensi zote mbili, kama Kiswahili kipendavyo. Kilichogeuza mgeni kuwa mwenyeji ni vokali tu, "i" mahali pa "e". Mahali ambapo jina lenyewe lina maana mbili, kirejeshi ndicho hakimu.

Hapa ndipo mafundisho ya Kifaransa kwa wasemao Kiswahili yanapostahili kuchunguzwa. Kifaransa ni somo la hiari katika shule za sekondari za Tanzania, na mara nyingi mwanafunzi hukifikia kwa kupitia Kiingereza. Katika Kiingereza amezoea neno moja la kurejea watu na jingine la kurejea vitu. Katika Kiswahili amezoea "-ye-" kwa mtu na "-cho-" au "-lo-" kwa kitu. Lugha zote mbili zimemfundisha kutazama nyuma, kwenye jina lililotangulia, na kuuliza ni la namna gani. Si ajabu basi akidhani "qui" ni ya watu na "que" ni ya vitu, akaandika "l'homme que parle" kwa "mtu asemaye," au akashindwa kukubali kwamba kitabu kilichoanguka nacho chataka "qui". Kumsahihisha mara mia kwa wino hakutoshi. Atapona siku atakapoambiwa wazi kwamba swali lenyewe limebadilika: asitazame nyuma kwenye aina ya jina, atazame mbele kwenye kitenzi na kuuliza nani atenda.

Lakini mwalimu akimwambia kuwa Kifaransa kina utaratibu na Kiswahili hakina, atakuwa amemdanganya. Mizani ina vitanga viwili. Kifaransa kina "où" moja kwa mahali na kwa wakati. Kiswahili kina "alipokaa," "alikokwenda" na "alimolala," nacho hutenga mahali dhahiri, upande usio dhahiri, na ndani. Mfaransa asemapo "la maison où il dort" hajasema kama analala ndani. Mswahili asemapo "nyumba alimolala" amekwisha kusema. Kwa namna ya kutenda, Kiswahili chasema "nilivyoona" kwa neno moja, ambapo Kifaransa hutoka nje ya virejeshi na kutafuta msaada wa "comme". Ziko pia sehemu ambazo lugha hizi mbili hukutana bila kutazamiwa. Katika "la lettre que j'ai écrite" kitenzi cha Kifaransa huongezewa "e" kwa sababu mtendwa, barua, imekwisha kutangulia. Katika "barua niliyoiandika" Kiswahili nacho hukumbuka barua hiyo kwa "-i-". Mwanafunzi aliyelemewa na kanuni ya upatanisho wa Kifaransa angeionea haya hofu yake kama angeonyeshwa kuwa ana kanuni ya jamii hiyo kinywani mwake tangu utotoni.

Mahali pa hatari kubwa ni "dont". "Mtu ambaye mwanawe ni mgonjwa" kwa Kifaransa ni "l'homme dont le fils est malade". Kiswahili hakiachi kumiliki kupotee: chasema "ambaye," kisha charudia "-we" ya "mwanawe". Kifaransa kimeuweka umilikaji wote ndani ya "dont" na hakitaki urudiwe. Mwanafunzi aandikaye "l'homme dont son fils" hakukosa akili. Amekuwa mwaminifu kwa lugha yake. Kosa la namna hii hustahili maelezo, wala si kicheko.

Katika Karagwe jambo hili lina upande mmoja zaidi, ambao vitabu vya kufundishia havijaupa heshima yake. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyambo, ambacho Josephat Rugemalira amekitungia sarufi iliyotolewa mwaka 2005. Kinyambo ni ndugu wa karibu wa Kinyankole cha ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na katika jamii hii ya lugha kirejeshi cha mtenda na kirejeshi cha mtendwa havifanani. Kinyankole chasema "omuntu owaareeba omukama" kwa mtu aliyemwona mfalme. Bali mtu ambaye mfalme alimwona ni "omuntu ou omukama yaareeba". Katika ile ya kwanza alama ya urejeshi imeungana na kitenzi; katika ya pili neno "ou" limesimama peke yake, na mtenda mpya akaja nyuma yake. Hii ndiyo tofauti ya "qui" na "que". Mtoto aliyelelewa katika lugha hizi amekwisha kuijua kabla hajakaa darasani. Mwalimu amtoaye Kinyambo mlangoni, akampitisha kwenye Kiingereza ili afike Kifaransa, amemwondoa kwenye njia fupi na kumtia kwenye ndefu.

Baada ya kukiona Kifaransa, yafaa Kiswahili kitazamwe tena, hasa katika ugomvi wa siku nyingi juu ya "amba-". Kundi moja la wasomi huliona neno hili kuwa uchafu wa tafsiri na hutaka lifagiliwe. Kundi la pili, ambalo ni kubwa zaidi katika magazeti na ofisi, haliwezi kuandika mistari miwili bila "ambaye" na "ambapo". Makundi yote mawili yamekosa. "Amba-" si mgeni. Asili yake ni kitenzi cha kale "kuamba," yaani kusema, ambacho ndicho kilichozaa "ambia" na "kwamba". Wala si kweli kwamba kazi yake ni ya mapambo. Ina kazi tatu za haki. Huchukua nyakati ambazo "-o-" haiwezi kuzichukua, kama "ambaye amefika" na "ambaye hufika". Hubeba umilikaji, kama "ambaye mwanawe". Tena, na hili ndilo lisilosemwa vya kutosha, humruhusu mtenda asimame mbele ya kitenzi chake: "mgeni ambaye Rumanyika alimpokea". Sentensi hii haina maana mbili. Kwa kazi hiyo ya tatu, "amba-" ndiyo "que" ya Kiswahili.

Nje ya kazi hizo, neno hili ni mzigo. "Mtu ambaye alikuja" haikusema lolote lisilosemwa na "mtu aliyekuja". Imeongeza silabi na kupunguza nguvu. Methali ni shahidi. "Aliye juu mngoje chini" na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" hazikuhitaji "ambaye," kwa kuwa mtenda ni mmoja na yu dhahiri. Na palipokuwa na hatari ya utata wahenga waliiona. Hawakusema "asiyemfunza mamaye," maneno ambayo yangeweza kumtia mtoto katika kazi ya kumfunza mama; walisema "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu". Walichagua kauli ya kutendwa, nayo ni dawa ya pili ya ugonjwa ule ule.

Dawa hizo mbili, hata hivyo, hazilingani. "Mgeni aliyepokewa na Rumanyika" ni sentensi safi, lakini imemfanya mgeni kuwa mhimili na kumsukuma mfalme pembeni, nyuma ya "na". "Mgeni ambaye Rumanyika alimpokea" humwacha mfalme katika kiti chake cha mtenda. Mwandishi wa historia achague akijua anachochagua. Mtu aweza kujibu kwamba muktadha hutosha, na kwamba hakuna atakayedhani Stanley alimkaribisha Rumanyika. Jibu hilo lamfaa msomaji anayeijua historia. Na kitabu cha historia huandikwa kwa ajili ya asiyeijua.

Tena jambo la nani atenda si dogo katika habari za Karagwe. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kimebeba ugunduzi katika jina lake, na ziwa lililo karibu na makao ya Rumanyika kililipa jina la Little Windermere, kana kwamba lilikuwa likingoja kuitwa. Vitabu vilivyofuata vimeyapitisha madai kama hayo ndani ya virejeshi: "Speke, aliyegundua chanzo cha Naili, alifika Karagwe." Sentensi yenyewe yadai kufika tu. Kugundua kumeingizwa katika kishazi rejeshi, ambako hakuna anayedai ushahidi, kwa maana kinachosemwa humo huhesabiwa kuwa kimekwisha kukubaliwa. Wanamantiki wa Port-Royal huko Ufaransa, Antoine Arnauld na Pierre Nicole, walilijadili jambo la jamii hii mwaka 1662, walipotenga kirejeshi kinachobainisha ni nani anayesemwa na kirejeshi kinachoongeza habari juu ya mtu ambaye tayari ajulikana. Kirejeshi cha namna ya pili ni hukumu iliyofichwa. Msomaji mwangalifu huifungua na kuisimamisha kuwa sentensi kamili, "Speke aligundua chanzo cha Naili," kisha huuliza kama ni kweli, na kwa nani ilikuwa ugunduzi, maana watu waliokaa kando ya maji hayo waliyajua kabla yake.

Padre Charles Sacleux alipotoa sarufi yake ya lahaja za Kiswahili mwaka 1909, kisha kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, aliwaandikia wasomaji wa Kifaransa waliotaka kukifikia Kiswahili. Wasomaji hao walilazimika kuacha swali la nani atenda na kujifunza swali la ngeli. Mwanafunzi wa Karagwe leo huipita njia hiyo hiyo akitoka upande wa pili, na faida yake haiishii katika Kifaransa. Akirudi kwenye Kiswahili chake atajua mahali kinapoficha mtenda, na atajua pa kutumia "aliye-," pa kutumia kauli ya kutendwa, na pa kutumia "ambaye". Wahenga wamesema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakuacha shaka ni nani mgeni na ni nani mwenyeji, na aandikaye habari za Bweranyange kwa Kiswahili hana udhuru wa kuiacha.