CT-Scan Ndani ya Moyo wa Mwenye VVU

Kwa hesabu za daktari, watu hawa walikuwa salama. Umri, shinikizo la damu, lehemu, sigara na kisukari vilipojumlishwa, nusu yao hawakuzidi asilimia 4.5 ya hatari ya shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Walikuwa na VVU, wakitumia ARV, na hakuna aliyejulikana kuwa na ugonjwa wa moyo.

Watafiti wa jaribio liitwalo REPRIEVE, wakiongozwa na Steven Grinspoon wa Massachusetts General Hospital, wakaamua kutazama ndani. Katika vituo 31 vya Marekani, mamia yao walipigwa CT-Scan ya mishipa inayolisha moyo.

Kazi yenyewe si nyepesi, kwani moyo hautulii. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza mapigo, huwekewa naitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa itanuke, kisha hudungwa iodini mkononi. Anabana pumzi, na mashine, ikifuata nyaya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani, hupiga picha pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Iodini hung'arisha damu, na utando wa mafuta ulioganda ukutani mwa mshipa hujitenga na mng'ao huo.

Picha za watu 755 zilichambuliwa. Asilimia 49 walikuwa na utando! Waliozibwa mshipa kwa nusu au zaidi walikuwa wachache sana, lakini baadhi walikuwa na utando laini usioshika chokaa bado, ambao kipimo rahisi cha kalsiamu kingeupita bila kuuona.

Baadhi ya washiriki walimeza pitavastatini, dawa ya kundi la statini zinazopunguza lehemu, miligramu 4 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka miwili picha zilirudiwa: ujazo wa utando usio na chokaa ulikuwa pungufu kwa asilimia 7 kwa waliotumia dawa. Ni kidogo, ila utafiti mzima wa watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulionyesha mwaka 2023 kuwa matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35.

Je, kila kliniki ya ARV sasa inunue CT-Scan? La. Ni ghali, ina mionzi, na iodini inaweza kuelemea figo dhaifu. Mwongozo wa Marekani wa 2024 kuhusu statini kwa wenye VVU hautaki picha. Unatazama umri wa miaka 40 hadi 75 na hesabu ileile ya hatari.

Mwenye VVU aliyefika umri huo amuulize daktari wake kuhusu statini, asijinunulie dukani: simvastatini haichanganywi na ARV zenye ritonavir.