KITU CHENYE KUSEMA
Juu ya mapambo na vyombo vya saloni zetu

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alikuja kutualika ku harusi yake. Alikuwa amepata nyumba ya kupanga mu komini ya Kamalondo, na fotei alikwisha kununua. Mbele ya kuondoka akatuuliza: "Mwalimu, niko natafuta kintu ya kutia mu saloni, yenye haiko kwa bengine. Nitaipata wapi?" Tukamjibu haraka, sawa vile mtu anaonyesha njia ya sokoni: aende kwa wauzaji wa vitu vya sanaa katikati ya mji, atachagua. Alikwenda. Akarudi na kinyago kimoja cheusi, chenye macho madogo na ndevu za kamba, akauliza tena: "Na hii inasema nini?" Hatukujua. Muuzaji pia hakujua. Alisema tu kwamba ni kitu cha zamani sana.

Andiko hili linatoka pale. Tunamwelewa yule kijana. Tukiingia leo mu saloni tatu za mji wetu siku moja, jioni hatuwezi tena kusema tuliona nini kwa nani: fotei kubwa za ngozi ya bandia, meza ya kioo, maua ya plastiki, na ku ukuta picha ya maporomoko ya maji ya inchi ambayo hakuna mtu wa nyumba ile amefika. Ni safi, na kila mtu ananunua kwa jasho lake. Hatutaki kumcheka mtu. Lakini "nitaipata wapi" si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: mgeni akikaa mbele ya kitu changu, kitamfanya aulize nini?

1. Tablo za wazazi wetu

Mu miaka ya 1970, mu nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kulikuwa tablo ku ukuta wa saloni. Haikutoka ku magazini. Mchoraji aliichora ku kitambaa cha mfuko wa unga, chenye kunyoshwa ku mbao nne, kisha akaibeba mwenyewe mlango kwa mlango. Watu waliziita ukumbusho, na neno lile ni zito: kazi yake ya kwanza ilikuwa kukumbusha, kupamba kulikuja nyuma. Walizigawanya pia kwa mafungu: mambo ya bankambo, mambo ya zamani, mambo ya leo.

Tuchukue mbili tu. Ya kwanza ni Colonie belge. Ni kiwanja cha gereza: mfungwa amelala chini, askari anampiga fimbo, mzungu anatazama, na wanawake wanaleta chakula. Ukiitazama kwa jicho la masomo ya uchoraji utaona makosa mingi: watu wote wako na sura moja, mikono ni mifupi, kivuli hakuna. Hata hivi mchoraji alijua kazi yake. Mstari wa ukuta wa gereza na fimbo yenye kuinuliwa hewani vinapeleka jicho moja kwa moja pahali pa maumivu. Na wale watu hawana sura yao wenyewe, kwa hiyo kila mgeni aliyekaa chini ya tablo ile aliweza kuweka pale sura ya baba yake. Hapo ndipo masimulizi yalianza.

Ya pili ni Mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, amekaa kando ya maji, nyoka karibu naye, saa ku mkono. Anatoa utajiri kwa mwenye kushika siri yake, kisha anadai. Wengine walisema ni picha ya tamaa tu. Sisi tunaona ndani yake hukumu juu ya feza. Mtu wa mshahara mdogo alitundika ku ukuta swali ambalo hakuweza kuwauliza wakubwa: mali ile ya haraka, nani anailipa? Baadaye, makanisa ya maombi yalipozidi, wengi waliishusha. Ya kwetu iliteketea nyuma ya jikoni, na mama hakutuacha tuangalie. Hatumlaumu mama; aliogopa kwa ajili yetu. Lakini mpaka leo hatujasikia mtu amechoma picha ya maporomoko. Kitu kisichosema neno hakiogopeshi mtu.

Kuna mmoja aliyekwenda mbali kuliko wenzake. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya inchi mu tablo karibu 100, na mwaka 1973 na 1974 akazieleza moja moja, kwa Kiswahili hiki chetu, mbele ya profesa Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha hapa Lubumbashi. Leo zile tablo ziko Amsterdam, mu muze. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wale wanaotaka kuona ukumbusho wetu wanapanda ndege, na sisi wenye ukumbusho tunatundika maporomoko.

2. Shaba ya kupigwa

Tablo zilipopungua, sahani za shaba zilibaki. Si ajabu kwa inchi hii. Misalaba midogo ya shaba imechimbuliwa mu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Bankambo waliitumia kama mali. Mitatu iliwekwa mu bendera ya Katanga mwaka 1960, na kutoka 1971 mpaka 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba.

Kazi ya kupiga shaba inaomba subira. Fundi anachoma karatasi ya shaba mpaka inakuwa laini, anaiweka juu ya kitu chenye kukubali nyundo, kisha anapiga upande wa nyuma ili sura itokee mbele. Anaigeuza, anasafisha mistari, anapiga vitone vidogo vidogo kuzunguka sura ili ionekane, anatia weusi mu mabonde na kung'arisha vilima. Kosa la nyundo halifutiki.

Namna gani kuchagua? Tunashauri jambo moja: geuza sahani, tazama mugongo. Kama nyundo ilitembea pole pole, utaona alama ndogo, nyingi, zenye kufuatana. Kama ilikimbizwa, utaona mashimo makubwa machache, na pengine mpasuko. Kisha tazama habari yenyewe. Ramani ya Congo, tembo, mama anayetwanga: tumeziona mara elfu, zinatoka ku kielelezo kimoja chenye kupita mkono kwa mkono. Hatusemi mama anayetwanga hana maana. Tunasema fundi hakumtazama mama yeyote. Siku moja tuliona sahani ambayo ule mama amesimamisha mutwango hewani na kugeuza kichwa, sawa vile ameitwa. Tulikaa mbele yake muda mrefu tukijiuliza nani amemwita. Fundi alitujibu: "Ni miye. Nilikuwa naita mama, nilikuwa na njala." Ile ndiyo tofauti. Haikuwa ghali kuliko zingine.

Mawe ya malakiti ya Kolwezi na Likasi hayatatuchukua muda. Yai la malakiti ni zuri sana, lakini uzuri wake ni wa jiwe. Fundi amelisugua tu.

3. Kinyago chenye kuzeeshwa

Turudi ku kinyago cha kijana wetu. Tulikigusa: weusi ulibaki ku vidole. Moshi na udongo vilikuwa vimefanya kwa siku chache kazi ya miaka 100. Fundi tunamsamehe; anatafuta chakula, na wanunuzi ndio waliomfundisha kwamba kitu kipya hakina bei. Lakini matokeo ni haya: mchongaji mwenye mikono mizuri analazimika kuficha kwamba ni yeye aliyechonga.

Na kama kingekuwa cha kweli? Hapo swali ni gumu zaidi. Tufikiri kile kiti cha wafalme wa Baluba, chenye mwanamke anayebeba kikalio kwa kichwa na mikono. Wazee hawakukiweka mbele ya wageni. Kilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, kikalindwa, kikatolewa kwa siku chache tu. Mwenye kukiweka leo karibu na televizio amekifungua mara moja kwa siku zote, na hajui amefungua nini.

Mchongaji mmoja mkubwa wa viti vile alijulikana kwa wazungu kwa jina la kijiji tu, Bwana wa Buli, kwa sababu wanunuzi wa kwanza hawakuandika jina lake. Jina la Ngongo ya Chintu lilitajwa nyuma sana. Kosa lile tulilijifunza vizuri: sisi pia tunanunua bila kuuliza jina.

4. Kabati yetu

Tusiseme tu juu ya wengine. Mu saloni yetu kuna kabati ambayo kila mgeni anasifu. Ni ya mbao ya mulombwa. Ku mlango wa kushoto kumechongwa kuku, ku mlango wa kuume vifaranga sita, na cha sita kimegeuka, kinaangalia upande mwingine. Wakituuliza tuliipata wapi, miaka mingi tulijibu: "Ni ya baba."

Jibu lile ni la kweli kwa nusu. Tulikuwa watoto ku Likasi. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na maelfu walilala ku gare wakingoja treni. Mbele ya kuondoka waliuza vyombo kwa bei yoyote. Jirani yetu seremala aliichonga kabati ile kwa nyumba yake. Vifaranga ni watoto wake sita. Kile chenye kugeuka kilikuwa mwenzetu wa darasa, mtoto asiyejua kutulia. Avenyu nzima ilijua na ilicheka. Baba aliinunua kwa bei ya mfuko mmoja wa unga. Alisema kwamba alimsaidia jirani, na pengine ni kweli. Mama alinyamaza.

Yule kijana wetu, alipokuwa na kinyago mkononi, aliitazama kabati akauliza: "Na hii?" Siku ile tulisimulia yote. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mwalimu, mutairudisha?" Hatujapata jibu. Tulifanya jambo moja dogo: tuliandika karatasi yenye jina la seremala, mji, mwaka na bei, tukaibandika ndani ya mlango wa vifaranga. Jina lile hatulitii hapa. Ni la watoto wake kulitangaza. Lakini hatusemi tena "ni ya baba".

Basi, ndugu msomaji, usianze na soko. Anza na jambo la nyumba yako, lile ambalo usingependa wajukuu wasahau. Tafuta fundi aliye hai, mwambie lile jambo, umwachie njia yake ya kulichonga au kulichora. Uliza jina lake, liandike nyuma, na mwaka. Na vile vyenye kuwa kwako tayari, viulize vilitoka wapi, hata kama jibu litakusumbua.

Yule kijana alifunga ndoa. Alimwagiza mchoraji mmoja wa mtaa tablo ya baba yake siku aliyotoka kazini ku mgodi, bahasha ya mwisho mkononi. Mikono ni mifupi, kivuli hakuna. Tulipokwenda kula kwao, mgeni mmoja hakungoja hata kukaa. Aliuliza: "Uyu ni nani?" Chakula kilipoa, na masimulizi yalikuwa bado.