Ubao wa Mto: Mchezo Uliotungiwa Wakulima wa Ruaha Mkuu

Bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 mpakani mwa Dodoma na Iringa, hupokea maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kizigo. Hapo maji hupita katika mitambo ya megawati 80, kisha hushuka hadi Kidatu, penye megawati 204. Katika miaka ya 1990 umeme ulipokatwa mara kwa mara nchini, lawama zilipanda mto: waliotajwa ni wakulima wa mpunga wa Usangu, kwa kuwa mabanio yao hunywesha majaruba kabla mto haujafika penginepo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa, na jambo hilo likaikoleza lawama.

Katika ugomvi huo ulizaliwa mchezo unaostahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa tamthilia. Mtungaji wake ni Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Nao ulichezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wanavijiji wa mto Mkoji, katika mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine. Chombo chake ni ubao mkubwa ulioinamishwa. Katikati hupita mto, na maji yake ni gololi. Wachezaji huzuia mto kwa vijiti, ndiyo mabanio, na gololi zilizonaswa huingizwa katika mashimo ya mashamba. Shimo lililojaa ni shamba lililoshiba. Hapo kwanza kila mtu hujitafutia mwenyewe, na wa chini hubaki akitazama mashimo matupu. Baadaye wote hushauriana, nao hutafuta namna ya kugawana.

Sifa kuu ya mchezo huu ni kwamba mtungaji alimjua mchezaji wake. Hakumtaka asome karatasi wala ahesabu kwa vipimo vya wahandisi. Mtu aliyekulia penye bao hahitaji kufundishwa maana ya shimo na kete, na mkono wake huhesabu kabla ya ulimi. Tena mwenye shamba la juu aweza kupewa nafasi ya chini, akakaa pale akingoja gololi isiyofika. Hotuba ya bwana shamba, hata ikiwa ya saa nzima, haina uwezo huo.

Yafaa kuulinganisha na ngonjera, utanzu uliotungwa na Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969. Katika *Ngonjera za UKUTA*, vitabu vilivyotolewa mwaka 1970 na 1971, vilevile watu hushika nafasi wasizokuwa nazo: mmoja hupinga, mwenziwe hujibu, na hadhira ya shule au ya kijiji hufunzwa siasa kwa kusikiliza. Lakini mpinzani wa ngonjera amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa, maana beti zake za kukubali zimekwisha kuandikwa. Hilo si kosa la Mnyampala. Utanzu wenyewe ulikusudiwa kuafikisha. Ubao wa mto haukuandika beti ya mwisho. Kijiji chaweza kucheza kikaondoka bila kukubaliana, na hata hivyo mchezo ukawa umechezwa vema.

Je, basi ubao hausemi neno lake mwenyewe? Unasema, tena kabla gololi ya kwanza haijateremka. Mteremko ndio neno lenyewe. Kila upungufu unaoonekana chini umetoka juu; mchezaji hawezi kuona vingine, kwa kuwa mbao zimekataa. Kwa mkulima wa Mkoji neno hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu mchezo ulimfaa. Lakini lipelekwe Mtera, nalo lageuka kuwa hukumu isiyosikilizwa utetezi. Wako watafiti walioeleza kwamba giza la miaka ile lilitokana kwa sehemu kubwa na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, yaani jinsi maji ya Mtera yalivyofunguliwa kwenda Kidatu, kuliko mpunga wa Usangu. Ubao wenye mteremko hauwezi kumshitaki aliye chini. Wala nafasi ya mwenye kushika funguo za bwawa haikutengenezwa, kwa kuwa hakuwa miongoni mwa hadhira. (Huenda yeye ndiye aliyekuwa na haja zaidi ya kucheza.)

Uteuzi wa hadhira, basi, ndio uliokuwa nguvu ya mchezo, na ndio uliokuwa mpaka wake. Mkataba wa vijiji viwili juu ya zamu za maji waweza kuanzia penye gololi. Mambo makubwa zaidi ya Usangu yaliamuliwa mahali pasipo na ubao: mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa na mifugo yao kwa amri ya Serikali, na mwaka 2008 Ihefu ikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtunzi atakayetaka kuuendeleza mchezo huu hadi nyanda za kati atalazimika kwanza kuuongezea ubao wake kipande cha pili, chenye lango linalofunguliwa kwa mkono wa mchezaji, na kumketisha hapo mtu wa Mtera, mbele ya macho ya wakulima wa Mkoji.