Mfunza Maksai wa Nzega

Farasi hakuwahi kuwa mnyama wa Nzega. Misitu ya miombo ya Unyamwezi, ambako Nzega ipo, ilijaa mbung'o, na mbung'o walibeba vimelea vya nagana. Farasi aliyenusurika kwa mbung'o alingojewa na maradhi mengine yanayoenezwa na visubi msimu wa mvua. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote walikufa mwanzoni mwa safari, Tabora hawakuiona. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alijaribu kwa kishindo zaidi: akaleta tembo wanne waliofunzwa kazi huko India, wakashushwa Msasani ili watembee hadi Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Tembo nao walianza kufa njiani, na mpango ukafa pamoja nao.

Basi mzigo wote ukabaki mabegani mwa watu. Pagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, akatembea miezi na miezi kutoka Tabora hadi pwani, kisha akageuza na mzigo mwingine. Pembe za ndovu zilishuka hivyo, vitambaa na shanga zikapanda hivyo. Ng'ombe walikuwepo, lakini walikuwa wa maziwa, wa mahari na wa heshima. Sotoka, tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, ilipopita, hata hao wakapukutika.

Leo ukipita Nzega mwezi Novemba, mvua za kwanza zikishagonga, utawakuta ng'ombe wakivuta plau kwenye mashamba ya mahindi na pamba, na baadaye kidogo utawakuta kwenye majaruba ya mpunga, tope likiwafika magotini. Mabadiliko hayo yana wengi wa kusifiwa: waliofyeka vichaka mbung'o wakakosa maficho, wafugaji waliorudisha mifugo, viwanda vilivyofua majembe ya plau, na Mwalimu Nyerere, ambaye baada ya Azimio la Arusha la 1967 alihimiza mkulima aachane na jembe la mkono akamate plau ya ng'ombe badala ya kuota trekta asiloweza kulinunua. Hao tumewasifu. Aliyesahaulika ni yule anayemchukua dume mchanga zizini, mnyama wa mamia ya kilo asiyejua kamba, na kumrudisha akiwa maksai anayeitika jina lake. Insha hii ni yake.

Watu wengi hudhani kazi yake ni kumfundisha ng'ombe kuvuta. Si kweli. Nguvu ya kuvuta ng'ombe anayo tangu kuzaliwa, na mtu hana cha kumwongezea. Anachofundishwa ni kuamini kwamba jambo la leo litafanana na la jana. Kwamba sauti ile ile itakuwa na maana ile ile, kwamba kamba ikivutwa kisha akitii, italegea. Ng'ombe hamwamini mtu kwa sababu mtu huyo ni mpole. Humwamini kwa sababu hageuki-geuki.

Kazi huanza baada ya mavuno, majani bado yapo, wanyama bado wana mwili na watu wana nafasi. Fundi huchagua madume wa miaka miwili hadi mitatu, ambao wamekwisha kuhasiwa. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mbichi kupita kiasi naye huharibika: mifupa ya dume asiyekomaa haifai kubebeshwa nira. Huangalia kifua, miguu na kwato, kisha hukaa pembeni akaangalia tabia. Hamtaki anayekurupuka wa kwanza kila majani yakitikisika, wala anayenyanyuliwa wa mwisho kila asubuhi. Hutafuta wawili wanaolingana kimo, na ikiwezekana wawili ambao tayari hulala karibu zizini. Urafiki ambao wanyama wameshaujenga wenyewe humpunguzia mwalimu kazi.

Siku za mwanzo mtu asiyejua angesema hakuna kinachofanyika. Dume amefungwa kamba pembeni, chini ya mti wenye kivuli, na fundi yupo tu. Humletea maji, humletea majani aliyokata kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, humkuna chini ya shingo pale ulimi wa ng'ombe mwenyewe haufiki. Mkono huanzia begani, hushuka kwenye mbavu, huenda hadi kwenye paja, na mdomo wa fundi haunyamazi. Kuna sababu. Macho ya ng'ombe yako ubavuni mwa kichwa, humwonesha karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukimjia kwa nyuma kimyakimya, kwake wewe na fisi ni mamoja. Kwa hiyo fundi humwendea kwa upande wa bega, akisema naye, ili hata anapopita nyuma ya mkia sauti imwambie dume kwamba ni yule yule.

Jina nalo hutolewa mapema, jina fupi, na majina ya wawili hao yasifanane kwa sauti. Fundi huita jina kwanza, kisha ndipo hutoa amri. Akitanguliza amri, wote wawili hushtuka na hakuna anayejua ameambiwa nani. Ndipo huja nira, tupu, bila mzigo. Mara nyingi dume mgeni hufungwa pamoja na maksai mkongwe, ambaye hufundisha kwa mwili kile ambacho mtu angekirudia kwa maneno siku nzima: akisimama, mgeni husimama, akigeuka, mgeni hugeuka. Upande haubadilishwi. Aliyeanza kushoto hubaki kushoto maisha yake yote ya kazi, kwa sababu siku ya kulima mmoja atatembea ndani ya mtaro na mwenzake juu ya ardhi isiyolimwa, na kila mmoja lazima apajue kwake. Baada ya nira tupu ni mnyororo unaoburuzwa, ili mlio wa chuma nyuma uzoeleke. Baada ya mnyororo ni gogo dogo, kisha gogo zito. Plau ni ya mwisho.

Na hapo katikati ndipo penye mtihani wenyewe. Siku moja dume atalala chini akiwa nirani. Atakunja miguu, atashusha kidevu ardhini na kukataa. Watazamaji hupiga kelele: mchape, mkunje mkia! Fundi mbovu humchapa, na dume hujifunza kwamba nira ni mahali pa maumivu. Fundi mwingine mbovu humwonea huruma, humfungua pale pale alipolala, na dume hujifunza kwamba kulala ndio mlango wa kutokea. Fundi hodari hachapi wala hafungui. Kwanza hukagua kama amechoka, kama nira inamkata, kama kamba imembana koo. Kama kuna kosa katika vifaa, hulirekebisha. Kama hakuna, hulegeza mnyororo, husimama kando na kungoja. Jua linapanda, watazamaji wanachoka na kwenda zao. Dume huinuka mwenyewe, maana kulala na nira shingoni hakuna raha. Fundi humwita jina, wanatembea hatua chache, chache tu, kisha humfungua hapo hapo. Hizo hatua chache ndizo somo lote la siku hiyo. Mnyama ameondoka akijua kwamba kutembea ndiko kunakomaliza kazi.

Ujuzi huu ni wa kale kuliko plau zetu. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya kulea farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba farasi asiendewe kwa hasira, na kwamba anayeogopa kitu akilazimishwa kwa kipigo huongeza hofu, kwa kuwa hudhani maumivu yanatoka kwenye kitu kile. Mzee wa Nzega ambaye hajawahi kumwona farasi amefika pale pale kwa njia ya maksai.

Fimbo, hata hivyo, ipo. Si haki kumpamba fundi kana kwamba anafuga njiwa. Fimbo huonesha upande, hugusa bega, na mara chache hukumbusha. Tofauti ni kwamba haishuki kwa ghadhabu. Tanzania imekuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini sheria haiwezi kukaa kila shamba. Anayekaa shambani ni mtoto anayeshika kamba mbele na kijana anayeswaga ubavuni. Kwa hiyo fundi wa kweli hufunza watu pamoja na ng'ombe. Maksai aliyelelewa kwa utulivu miezi kadhaa anaweza kuharibiwa na kijana mmoja mwenye haraka, anayetaka kumaliza ekari kabla ya mpira jioni.

Wapo wanaoona ufundi huu unapitwa na wakati. Mwaka 2009 kampeni ya Kilimo Kwanza ilikuja na pawatila, na matrekta ya kukodi nayo yapo barabarani. Yaje, na yaongezeke. Lakini mwenye ekari tatu anayengoja trekta huku mvua ikipita anajua thamani ya jozi iliyo zizini kwake, isiyodai dizeli wala kipuri kutoka mjini. Na jozi hiyo haikutoka mnadani ikiwa imekamilika. Weka maksai wawili wenye uzito sawa, mmoja amefunzwa na mwingine hajafunzwa: wachinjaji watatoa bei ile ile, mkulima hatatoa. Hiyo tofauti ya bei ni ujira wa subira ya mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo hakulipwa, kwa kuwa alikuwa baba, mjomba au jirani aliyeombwa kusaidia.

Tunampa cheti anayejua kuchomelea plau. Anayejua kumwandaa mnyama wa kuivuta hana cheti, hana darasa, na akifariki hufariki na ujuzi wake. Maofisa ugani wa wilaya wangeanza na jambo dogo: kuwatafuta wazee hawa kijiji kwa kijiji na kuwakabidhi vijana wa kufuatana nao msimu mmoja wa baada ya mavuno. Nawe mkulima unayekwenda mnadani kutafuta jozi ya kulimia, usiishie kupapasa nundu na kuhesabu meno. Uliza amefunzwa na nani.