Wale wale wa watu wanane

Alhamisi ya Novemba 7, 2024, kibanda umiza ninachokwenda hapa Sikonge kilifurika jezi za kijani na njano. Yanga walikuwa wakicheza na Tabora United. Uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi hauko mbali, lakini Yanga ina watu wake kila kijiji kinacholima tumbaku. Sisi wa Tabora United tulikuwa saba, tumebanwa ukutani karibu na spika. Shedrack Asiegbu wetu alipofunga bao la kwanza, mzee mmoja wa Yanga akanigeukia: "Mwanangu, hawa si ndio wale waliokuja Chamazi na watu wanane?"

Ndio wenyewe, mzee wangu.

Agosti 16, 2023, klabu ikiwa bado inaitwa Kitayosce, iliingia uwanjani Chamazi kuikabili Azam na wachezaji wanane, kwa kuwa wengine usajili wao haukuwa umekaa sawa. Feisal Salum akafunga matatu, jumla yakafika manne. Kisha wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita. Sheria inataka wasipungue saba, basi mwamuzi akamaliza mpira hata mapumziko hayajafika. Wachambuzi walicheka siku ile. Mimi sikuona cha kuchambua: mechi ile ilipotea kwenye makaratasi kabla mpira haujawekwa katikati.

Msimu ule tuliumaliza kwenye eneo la mchujo, na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa Tabora hawalipendi. Tulibebwa na mfumo. Wa 15 na wa 16 hushuka moja kwa moja. Mwaka ule walikuwa Geita Gold na Mtibwa Sugar. Wa 13 na wa 14 hukutana nyumbani na ugenini. Anayeshinda anabaki, anayeshindwa anapewa nafasi nyingine dhidi ya timu ya Championship, ligi ya daraja la chini yake. Hiyo ya Championship kwanza imemtoa mwenzake, wa tatu na wa nne wakigombania tiketi moja. Kwa hiyo timu ya chini lazima ishinde mara mbili, ya juu inaruhusiwa kuanguka mara moja. JKT Tanzania walitutoa, tukaenda kuwamalizia hasira Biashara United, tukabaki. Ningekuwa wa Musoma, kwao Biashara, ningelia. Ningeachiwa kalamu, wa 13 angekwenda zake likizo, wa 14 akapambana moja kwa moja na mshindi wa kule chini, basi.

Kilichofuata ni usajili. Akaja Heritier Makambo, aliyewahi kuwa kipenzi cha Jangwani, kwa Yanga. Benchi akapewa Mkenya Francis Kimanzi, ambaye hakumaliza hata Oktoba, nafasi yake ikachukuliwa na Anicet Kiazayidi kutoka Kongo. Mechi ya kwanza Simba walitupiga 3-0. Hakuna aliyeota yale ya Novemba.

Yanga nao walikuwa wamecheza mechi nane za ligi bila kuruhusu bao, mpaka Gibril Sillah wa Azam alipowafunga Novemba 2. Siku hiyohiyo beki wao Ibrahim Bacca akala kadi nyekundu. Hapo ndipo ninapoiona mechi yetu. Yanga ya kocha Gamondi ilipanda yote, mabeki wa pembeni wakawa kama mawinga, na mtu wa kukimbiza mpira uliopita nyuma yao alikuwa Bacca. Mtoe huyo, ule uwanja wote mtupu unakuwa mali ya mwenye mbio. Offen Chikola wetu ana mbio. Alifunga kabla tu ya mapumziko, akarudia kipindi cha pili, na bao la Clement Mzize mwishoni halikuamsha mtu kibandani. 3-1, nyumbani kwao. Siku nane baadaye Gamondi hakuwa na kazi.

Mzee wangu alikuwa amekwishavua kofia, anaipepea usoni, mwezi Novemba nao una joto lake huku. "Huyu mwenye mabao mawili," akaniuliza, "mkataba wake unaisha lini?" Nikacheka. Julai 2025 Yanga wakamtangaza Chikola kuwa wao, na mzee akanipigia simu kabla hata sijanawa uso.